Programu inaonyesha faida, benki haina fedha: je, nianze upya?

Swali: "Miezi minne iliyopita nilianzisha biashara ndogo ya kufunga na kuhudumia kompyuta na mitandao ya ofisi. Tuko wawili, mimi na msaidizi wangu. Nililipia programu ya uhasibu ya mtandaoni, nikaiunganisha na akaunti ya benki na kuacha mipangilio yote kama ilivyokuja. Sasa taarifa ya faida na hasara inaonyesha mapato yanayokaribia maradufu ya fedha zilizoingia benki, wateja waliokwisha kulipa bado wanaonekana wanadaiwa, na kuna akaunti zaidi ya mia moja nisizozielewa. Wateja wengi hulipa nusu kabla ya kazi, na wengine hulipia huduma ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mara kwa mara ninanunua vitu vya biashara kwa fedha zangu binafsi, na mara nyingine hufanya kinyume chake. Je, nibadilishe programu, nifute kila kitu nianze upya, au nimwachie mhasibu? Na je, ni lazima nijue debiti na krediti?"

Ndugu muulizaji,

Katika swali lako yamechanganyika mambo mawili ambayo ni vema tuyatenganishe. La kwanza ni kosa moja la uingizaji lililorudiwa tangu siku ulipoanza, na hilo peke yake linatosha kueleza mapato yaliyovimba na wateja wanaoonekana wadaiwa hali wamekwisha kulipa. La pili ni maamuzi ambayo mwenye biashara hupaswa kuyafanya kabla ya kuingiza muamala wa kwanza. Hukuyafanya, kwa hiyo programu imekuamulia. Programu yenyewe, kwa maelezo uliyotoa, haina hitilafu yoyote, na ukihamia nyingine bila kurekebisha mambo haya mawili, baada ya miezi minne utauliza swali hilihili.

Tuanze na kosa. Tuseme umemtolea mteja ankara ya 600, kwa sarafu yoyote unayotumia. Mara unapoihifadhi ankara hiyo, programu inaandika mambo mawili kwa wakati mmoja bila kukuuliza: inaongeza mapato kwa 600, na inaongeza deni la mteja huyo kwa 600. Mapato yamekwisha kuhesabiwa hapo, ingawa hujapokea kitu. Wiki moja baadaye mteja analipa, na kwa kuwa programu imeunganishwa na benki, muamala wa 600 unajitokeza kwenye skrini ukisubiri uamuzi wako. Jambo sahihi ni kuiambia programu kwamba fedha hizi ni malipo ya ankara ile, ili salio la benki lipande na deni la mteja lifutike. Nina hakika kwamba wewe ulichagua, au ulikubali pendekezo la programu, kwamba fedha hizo ni mapato. Kwa hatua hiyo mapato yakaongezeka 600 kwa mara ya pili, na deni la mteja likabaki palepale kwa sababu hakuna aliyelifuta. Kazi moja imehesabiwa 1,200, na mteja aliyelipa kila kitu bado anaonekana anadaiwa 600. Hizo ndizo dalili zako mbili, na chanzo chake ni kimoja.

Wengi wakifika hapa hukutana na ushauri wa kubadilisha mpangilio wa taarifa, kutoka msingi wa ankara kwenda msingi wa fedha taslimu. Ukifanya hivyo, katika programu nyingi mapato yatashuka ghafla na kufanana na benki, nawe utadhani tatizo limekwisha. Halijakwisha. Taarifa ya msingi wa fedha taslimu haihesabu ankara ambazo hazijalipwa, na kwa kuwa programu inaamini kwamba ankara zako hazijalipwa, inaziacha nje na kubakiza yale mapato uliyoyaingiza kutoka benki. Kosa limefichwa tu nyuma ya mpangilio, na orodha ya wadaiwa ingali na uongo uleule. Siku utakapomtumia mteja mwaminifu barua ya kumkumbusha deni alilokwisha kulipa, utajua gharama ya njia hiyo ya mkato.

Marekebisho ni haya. Kwanza pakua nakala rudufu ya kila kitu: orodha ya miamala, ankara, wateja na taarifa zote za miezi minne. Kisha fungua akaunti ya mapato na utafute miamala iliyotoka benki moja kwa moja bila ankara. Kila unapoukuta, tengua uainishaji wake ili urudi kwenye orodha ya miamala inayosubiri, halafu uulinganishe na ankara inayohusika. Usifute ankara, wala usitoe hati za kupunguza deni ili mradi orodha ya wadaiwa isomeke sifuri, kwa maana ukifanya hivyo utakuwa umefuta mauzo halali na kubakiza maingizo ya benki yasiyo na maelezo ya nani alilipa nini. Vilevile, usiwasilishe ritani yoyote ya kodi kwa takwimu za sasa. Kama umekwisha kuwasilisha, nitalirudia jambo hilo hapo chini.

Je, haitakuwa rahisi zaidi kufuta na kuanza upya? Kuna hoja za kweli pande zote mbili. Biashara ya miezi minne ina miamala michache, na kuiingiza upya kwa mpangilio safi huenda kukachukua muda sawa na kurekebisha. Hata hivyo, mimi ningependelea urekebishe faili hilihili. Ankara zako zina namba ambazo tayari ziko mikononi mwa wateja, na mkaguzi akikuta mfuatano wa namba uliokatika atauliza maswali ambayo hukulazimika kuulizwa. Tena, kutengua kosa moja baada ya jingine kutakufundisha mwenendo wa fedha katika vitabu vyako kuliko maelezo yangu yote. Anza upya iwapo tu umegundua kwamba sarafu ya msingi uliyochagua siyo, au umefungua faili kwa aina ya biashara isiyo yako, au mipangilio ya kodi ilikosewa tangu mwanzo na programu haikuruhusu kuibadilisha.

Sasa tuje kwenye zile akaunti zaidi ya mia moja. Orodha hiyo haikuandaliwa kwa ajili yako. Iliandaliwa imfae muuza duka, mkulima, mwenye kiwanda na wewe kwa pamoja. Akaunti zote, ziwe ishirini au elfu, huangukia katika makundi matano: mali, madeni, mtaji wa mwenye biashara, mapato na gharama. Matatu ya kwanza hukaa kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara kwa siku fulani, na mawili ya mwisho kwenye taarifa ya faida na hasara. Biashara ya huduma ya watu wawili huendeshwa vizuri kwa akaunti ishirini na tano hadi thelathini. Zile usizozihitaji zizime badala ya kuzifuta, na usiziguse akaunti za wadaiwa, wadai na kodi, kwa kuwa programu huzitumia yenyewe nyuma ya pazia.

Kipimo ninachokitumia kuamua kama akaunti fulani inastahili kuwapo ni maswali mawili: je, kuiona namba hiyo peke yake kutanifanya nibadilishe uamuzi wowote? Na je, sheria ya kodi inaitendea gharama hiyo tofauti na nyingine? Kama majibu yote mawili ni hapana, iunganishe na jirani yake. Huhitaji akaunti moja ya kalamu na nyingine ya karatasi. Lakini unahitaji kutenganisha gharama zinazotokana na kazi mahususi, kama vile nyaya na vifaa ulivyomfungia mteja au malipo ya fundi wa kibarua, na gharama ambazo ungezilipa hata kama mwezi mzima usingepata kazi, kama kodi ya pango na ada ya intaneti. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia kama bei zako zinatosha. Jambo jingine: wateja na aina za kazi si akaunti. Nimeona vitabu vyenye akaunti ya mapato kwa kila mteja, na ndani ya mwaka havisomeki tena. Jina la mteja lipo kwenye ankara, na aina ya huduma iweke kwenye orodha ya huduma ambayo programu nyingi zinayo. Taarifa zote unazozitamani zitatoka humo.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi katika biashara yako ni malipo ya awali. Mteja anapokulipa 300 kabla ya kazi ya 600, fedha ni zako kuzitunza lakini bado hujazistahili. Ukishindwa kuifanya kazi, utazirudisha. Kwa hiyo, kihasibu, hilo ni deni: unadaiwa huduma. Fungua akaunti katika kundi la madeni na uiite "Malipo ya awali ya wateja", na uelekeze 300 huko siku unapozipokea. Kazi ikikamilika, toa ankara ya 600 nzima, hamisha 300 kutoka kwenye malipo ya awali zipunguze ankara hiyo, na mteja atabaki akidaiwa 300. Programu nyingi zina njia nyingine iliyo rahisi zaidi, ya kupokea malipo ya mteja bila kuyaambatanisha na ankara, kisha kuyatumia ankara itakapotoka. Njia hiyo inakubalika, ila ujue kwamba malipo hayo hukaa ndani ya wadaiwa yakiwa na alama hasi, hivyo jumla ya wadaiwa itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa biashara ambayo wateja wake wengi hutanguliza nusu, ningechagua akaunti ya madeni iliyo wazi.

Huduma ya mwaka mzima inafuata mantiki hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Mteja akilipa 1,200 kwa miezi kumi na miwili ambayo utakuwa tayari kumhudumia wakati wowote, zote 1,200 ziingie kwanza kwenye malipo ya awali, na kila mwisho wa mwezi 100 zihamie kwenye mapato. Unaweza kuiagiza programu irudie ingizo hilo yenyewe. Kanuni hii si ubunifu wangu: kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kimejengwa juu ya wazo kwamba mapato hutambuliwa kadiri ahadi kwa mteja inavyotimizwa, si pale fedha inapopokelewa. Si lazima biashara ya ukubwa wako ifuate kiwango hicho kwa ukamilifu, lakini wazo lake linakulinda. Mwezi unaopokea malipo ya mikataba mitatu ya mwaka utaonekana wa neema kubwa, na bila akaunti hiyo utashawishika kutumia fedha za miezi kumi na moja ijayo. Kama mkataba wenyewe ni wa kumtembelea mteja mara mbili tu kwa mwaka, basi gawanya mapato kwa ziara na si kwa miezi.

Hapa niongeze tahadhari. Hayo niliyoyaeleza ni utambuzi wa mapato kwa ajili ya kupima faida. Kodi ya ongezeko la thamani ina saa yake yenyewe: katika nchi nyingi wajibu wa kodi hiyo unaweza kuanza siku unapopokea malipo ya awali, hata kama mapato hayajatambuliwa kwenye taarifa ya faida. Na kodi ya mapato nayo, katika baadhi ya nchi, inawaruhusu wafanyabiashara wadogo kukokotoa kwa msingi wa fedha taslimu. Unaweza kabisa kupima faida kwa msingi mmoja na kulipa kodi kwa msingi mwingine, mradi ujue unafanya hivyo na uwe na maingizo yanayoweza kutoa taarifa zote mbili.

Kuhusu fedha zako binafsi, dawa kuu ni akaunti ya benki ya biashara peke yake, na kadi yake peke yake. Hata hivyo siku ya kuchanganya itakuja tu, na vitabu lazima viwe na mahali pa kuipokea. Unahitaji akaunti mbili katika kundi la mtaji: fedha alizoweka mwenye biashara, na fedha alizochukua. Ukinunua kifaa cha biashara kwa fedha zako, andika gharama kama kawaida, lakini badala ya kusema imelipwa na benki, sema imelipwa na fedha ulizoweka. Ukilipa ada ya shule ya mtoto kwa kadi ya biashara, muamala huo uende kwenye fedha ulizochukua. Hauwi gharama, na haupunguzi faida hata senti moja. Watu wengi hudhani kwamba fedha wanazojilipa kila mwezi ni mshahara unaopunguza faida. Kwa biashara ya mtu binafsi sivyo. Kama umesajili kampuni, hali ni tofauti: kampuni ni mtu mwingine kisheria, unaweza kuwa mwajiriwa wake mwenye mshahara, na fedha unazoikopesha au inazokukopesha wewe ni mkopo unaopaswa kuonekana hivyo.

Kompyuta na zana ulizokuwa nazo kabla ya kufungua biashara ziingize katika salio la kuanzia, kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo zingeuzwa, siku ulipoanza kuzitumia katika biashara, upande wa pili ukiwa ni mtaji uliouweka. Programu nyingi huwa na akaunti maalumu inayopokea upande wa pili wa masalio ya kuanzia. Ukimaliza, akaunti hiyo inapaswa kusoma sifuri, na kama haisomi sifuri kuna jambo hujalipangia mahali pake. Uchakavu wa vifaa hivyo mwachie mhasibu mwisho wa mwaka.

Ukisharekebisha hayo yote, utathibitisha vipi kwamba vitabu ni sahihi? Kwa usuluhishi wa benki, kila mwezi, bila kuruka. Kuunganisha programu na benki si usuluhishi, ingawa matangazo ya biashara hutufanya tudhani hivyo. Muunganiko huleta miamala, na mara nyingine huiacha mingine au huileta mara mbili, hasa unapokatika na kurudishwa. Usuluhishi ni kuchukua taarifa ya benki yenyewe, kuandika salio lake la mwisho wa mwezi, na kutia alama muamala mmoja mmoja mpaka tofauti iwe sifuri. Fanya hivyo pia kwa akaunti ya malipo ya simu kama unayo, kwani hiyo nayo ni benki nyingine na inastahili akaunti yake. Mteja akilipa kwa kadi na wakala wa malipo akakata ada yake kabla ya kukutumia, usiandike kiasi kilichofika tu: ankara ni 600, ada ni 18, iliyofika benki ni 582, na namba zote tatu zinapaswa kuonekana. Vinginevyo ankara itabaki na deni la 18 ambalo mteja hadaiwi.

Kuhusu debiti na krediti, yaani majina ya pande mbili za kila ingizo, huhitaji kuzimudu ili kuitumia programu kila siku. Nakushauri hata hivyo ujifunze jambo moja tu, kwamba kila muamala hugusa angalau akaunti mbili na pande zote mbili hulingana. Mtindo huu ulikuwa ukitumiwa na wafanyabiashara wa Italia kabla mtawa Luca Pacioli hajauchapisha kitabuni mjini Venice mwaka 1494, na programu za QuickBooks, Xero, Zoho Books na GnuCash zote zinauendesha huohuo. Kwa sababu hiyo chaguo la programu lina uzito mdogo kuliko unavyodhani. Angalia kama inakubali kodi za nchi yako, kama inakuruhusu kupakua data zako zote siku utakapotaka kuhama, kama mhasibu anaweza kuingia kwa jina lake mwenyewe, na kama ina uwezo wa kufunga vipindi vilivyokwisha. GnuCash haina ada na hukaa kwenye kompyuta yako, lakini nakala rudufu ni jukumu lako. Kama unayoitumia sasa inatimiza masharti hayo, baki nayo.

Swali la mwisho ni la mhasibu. Sikushauri umkabidhi kila kitu, kwa kuwa biashara ya watu wawili isiyojua hesabu zake yenyewe hushtuka ikiwa imechelewa. Ila kaa naye ana kwa ana kwa kikao kimoja mara tu baada ya marekebisho, akague orodha yako ya akaunti, masalio ya kuanzia na mipangilio ya kodi. Nenda na taarifa za benki za miezi yote, cheti cha usajili, mikataba miwili au mitatu ya mwaka, na orodha ya wadaiwa kama inavyosomeka siku hiyo. Na kuna hali ambazo hupaswi kuzishughulikia peke yako hata kidogo: ikiwa umekwisha kuwasilisha ritani yenye mapato yaliyovimba, kwa kuwa mara nyingi kuna utaratibu na muda maalumu wa kuirekebisha, ikiwa msaidizi wako ni mwajiriwa na hujaanza kukata na kuwasilisha makato yake, ikiwa unakaribia kiwango cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani, ikiwa mbia anaingia au unaomba mkopo. Mfungulie mhasibu huyo njia yake ya kuingia, usimpe nywila yako, na haki za kufanya malipo benki zibaki kwako.

Mkikubaliana kwamba miezi minne hiyo iko sawa, weka tarehe ya kufunga, ili mtu asiweze kubadilisha ingizo la kipindi hicho bila kukusudia. Kuanzia mwezi wa tano, tenga saa moja kila wiki kwa ajili ya miamala ya benki. Muamala wowote ulioingia, kabla ya kubonyeza neno "mapato", tafuta kwanza kama kuna ankara inayousubiri.